Alama Chini ya Bawa

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo saa nane mchana. Kule hospitalini, kwenye chumba cha kufulia, tulikimbizana na mashuka kama watu wanaofukuza kuku. Nimerudi nyumbani nimelowa chapachapa, nikakuta sina meza ya kulia. Meza ipo, lakini imelaliwa na ndege.

Nieleze, maana daftari halimjui mtu. Kaka yangu ana miaka sitini na tisa, mimi hamsini na nne. Baada ya mume wangu kufariki na binti zangu kuolewa, Kaka alihamia kwangu na masanduku mawili, moja la nguo, moja la ndege. Ni ndege za plastiki. Zinakuja kwenye boksi vipande vipande, unagundisha, unapaka rangi. Mtu mzima na mvi zake. Nilikuwa nikicheka.

Hii ya sasa ameombwa na mkutubi wa maktaba ya mji. Kutakuwa na maonyesho ya vita vile vya zamani, vya wakati nina miaka sita. Watu wetu waliiteka ndege ya mabomu ya adui ikiwa nzima, wakaipaka alama zetu, wakairusha wenyewe. Kaka alikuwa mpaka rangi katika uwanja huohuo. Maonyesho yatafunguliwa tarehe kumi Mei, Mungu akipenda.

Jumatano, 5 Machi

Gundi inanuka nyumba nzima. Nimesali adhuhuri nikiwa nayo puani.

Jumanne, 11 Machi

Leo nimepata darasa bila kuliomba. Kwenye boksi mna karatasi ya alama za kubandika, lakini zote ni za adui, ile pembetatu nyeupe. Ndege mateka hakuna kiwanda kinachoihangaikia. Kwa hiyo Kaka amekwenda maktaba siku tano mfululizo kutafuta picha.

"Sikiliza, mdogo wangu," akaniambia. "Ndege mateka ina umbo la adui na mlio wa adui. Mpiga mzinga aliye chini akiisikia tu, kidole kinamwasha. Kwa hiyo unaipaka alama yako kubwa kupita kawaida. Duara letu la manjano lilitoka ukingo wa mbele wa bawa mpaka ukingo wa nyuma. Juu ya mabawa, mkiani, na chini ya mabawa. Chini hasa, kwa sababu chini ndiko wanakokuona."

"Sasa si unajua? Unatafuta nini?"

"Picha. Zote zimepigwa toka juu au ubavuni. Ya chini hakuna."

Akaichukua ile plastiki isiyo na rangi, akaigeuza chali kiganjani, akaitazama muda mrefu. Nikamwambia chai inapoa. Hakunisikia.

Jumatano, 12 Machi

Sina raha kabisa.

Mkutubi amekuja. Ni mwanamke wa miaka arobaini hivi, miwani kwenye kamba, anakanyaga sakafu kana kwamba anaihesabu. Nilimwona ana kiburi tangu mlangoni. Alileta kadi atakayoiweka chini ya ndege ili Kaka aisome kabla haijachapwa. Nainakili: "Ndege hii ilitunguliwa na wapiga mizinga wetu wenyewe kwa sababu wapaka rangi walisahau kuchora alama chini ya mabawa. Rubani na wenzake wawili walifariki."

Kaka akaweka brashi chini.

"Unasema wapaka rangi. Mpaka rangi alikuwa mmoja," akasema. "Mimi."

Mkutubi akavua miwani. "Sikujua, mzee wangu. Naomba radhi. Lakini ndivyo ripoti ya uchunguzi inavyosema."

"Ripoti haikupanda ngazi ikashika brashi. Nilichora kwa mkono huu. Mabawa yote mawili, chini."

"Kuna aliyekuona?"

"Rubani. Muulize."

Hapo nikaingia na sinia la chai. Nikaona uso wa Kaka umekuwa kama wa mtoto aliyesingiziwa. Mdomo ukanitangulia. Nikasema, "Wallahi, kaka yangu alichora. Naapa mbele ya Mola, hakusahau."

Mkutubi akanitazama vizuri, bila dharau, na hilo ndilo lililoniuma. "Mama, mimi naamini karatasi na picha. Mkiniletea kimoja kabla ya mwisho wa Aprili, nitabadilisha. Baada ya hapo kadi inakwenda kuchapwa, na itakaa pale miaka."

Alipoondoka Kaka hakunishukuru. Alisema tu, "Nani alikutuma uape?"

Alhamisi, 20 Machi

Siku nane nalifikiria neno hilo. Nani alinituma? Nilikuwa na miaka sita, nikicheza na vifuniko vya chupa uani. Nimekula yamini kwa jambo nisilolishuhudia. Mvua haikatiki. Kaka ameshapaka tumbo la ndege rangi ya mbingu ya asubuhi, amezunguka mabawa yote, na chini ya mabawa amepaacha wazi.

Jumatatu, 24 Machi

Mwenzangu wa pasi, tunamwita Kasuku kwa sababu zake, ameniuliza kaka yangu ataangua lini, maana amekaa juu ya ndege hiyo kuliko kuku juu ya mayai. Nimecheka mpaka nikaunguza foronya.

Jumamosi, 29 Machi

Nimekwenda kwa fundi saa.

Kasuku ndiye aliyeniambia kwamba yule mzee anayetengeneza saa nyuma ya ofisi ya posta alikuwa mpiga mzinga vitani, tena yeye ndiye aliyeitungua ndege ile. Mji mzima unajua kumbe, ila kwetu hatukuwahi kutamka. Sikumwambia Kaka. Nilisema nakwenda kununua uzi.

Chumba chake ni chembamba kama kabati. Saa ukutani, kila moja na wakati wake. Yeye mwenyewe ni mdogo, msafi, lenzi imebanwa jichoni.

"Shikamoo."

"Marahaba. Saa iko wapi?"

"Sina saa. Mimi ni mdogo wake yule mpaka rangi."

Lenzi ikamdondoka, akaidaka bila kuangalia. Alinipa kigoda, mwenyewe akabaki amesimama.

"Amekutuma?"

"Hajui kama niko hapa. Anasema alichora alama chini. Wewe uliiona ndege toka chini. Nataka kusikia kwa masikio yangu."

"Niliona pembetatu," akasema. "Nyeupe. Pembetatu, basi. Nilikuwa na macho ya mwewe, bi mkubwa, hata leo nasoma meno ya gurudumu la saa ya mkononi. Kama lingekuwapo duara nisingefyatua." Akachukua kitambaa, akaanza kufuta meza iliyokuwa safi. "Waliniambia sina kosa. Imeandikwa."

Nilimwamini. Hilo ndilo linalonitesa ninapoandika. Nimemtazama usoni mzee wa watu na sikuona uongo. Sasa kama huyu hasemi uongo, anayeusema ni nani? Nimerudi bila uzi, na Kaka hakuuliza uzi uko wapi.

Jumapili, 30 Machi

Nimemwangalia Kaka akila. Nimeishi na mtu huyu miaka mitatu chini ya paa moja, na leo ninamchungulia kama mgeni. Anachagua mifupa, anakunja leso. Je, mtu anaweza kudanganya miaka arobaini na minane na bado akakunja leso vizuri namna hiyo?

Jumanne, 1 Aprili

Nimefunga. Nimenuia siku tatu kwa ajili ya kiapo changu.

Jumatano, 2 Aprili

Nimefunga. Mvua, ngurumo.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimefunga, nimemaliza. Kaka kanifuturisha mwenyewe, kapika uji, kauchemsha ukamwagika. "Sijui umemkosea Mungu nini," akasema, "lakini uji huu utakuongezea adhabu." Nilicheka na machozi yakanitoka, nikasingizia mvuke.

Jumanne, 8 Aprili

Mungu ana njia zake, na leo kapitia kwenye shuka.

Kazi yangu hospitalini si kufua tu. Mimi ndiye mwenye alama. Kila shuka lina alama ya wodi kwenye pembe, kwa wino mweusi wa kufulia, usiotoka hata ukichemshwa. Shuka likihamishwa wodi, tunaifunika alama ya zamani kwa kiraka cha rangi na kuandika mpya juu yake. Asubuhi wauguzi wawili wameniletea ugomvi wao wameushika huku na huku. Wa wodi ya wazazi anasema shuka ni lake, alama si hii hapa? Wa wodi ya wanaume anasema wiki iliyopita alilitandika mwenyewe, na lilikuwa na alama ya wanaume, yeye si kipofu.

"Mwongo."

"Mwongo wewe, na shuka lako."

Nikalichukua, nikalipeleka dirishani. Mtu fulani, nikiwa likizo, aliifunika alama ya zamani kwa rangi ya kawaida na kuandika kwa wino wa kalamu. Ilipokwenda kwenye maji ya moto, ya juu ikayeyuka, ya chini ikachomoza. Bado michirizi ya ile iliyotoka ilionekana, imekimbilia upande mmoja kama machozi.

"Hakuna mwongo hapa," nikawaambia. "Huyu aliliona kabla ya kufuliwa, na huyu baada."

Nilipotamka hivyo nikaketi juu ya rundo la mashuka. Kasuku akadhani ni presha, akaniletea maji.

Jumamosi, 12 Aprili

Kwa fundi saa tena. Nilimuuliza jambo moja tu, siku ile kulikuwaje?

"Mvua," akasema. "Usiku hakukuwa na wingu, asubuhi ikashuka ghafla, nzito. Iliruka kwenye mvua, ikarudi kwenye mvua. Ilipotokea kwetu ndipo jua lilipopasua."

"Una picha?"

Akaifuta lenzi kwa kitambaa. Kisha akafungua mtoto wa meza na kutoa bahasha. Picha ya bawa lililoanguka, limelala chali kwenye matope, nyeusi na nyeupe. Pembetatu ilionekana wazi. Akaniazima lenzi yake, akanionyesha namna ya kuibana jichoni. Mwanzoni niliona kope zangu tu. Halafu nikaona. Kuizunguka pembetatu kulikuwa na kivuli cha mviringo, hafifu, kama alama iliyoachwa na kikombe juu ya kitambaa. Na kutoka kwenye mviringo huo, michirizi, yote imekimbilia ukingo wa nyuma wa bawa.

Kaka alichora. Niliirudisha lenzi. Fundi saa aliniambia nichukue picha, nitairudisha. Hakuuliza nimeona nini, wala mimi sikumwambia.

Njiani nilitaka kuimba. Nilipofika kwenye kona ya posta nikasimama katikati ya mvua, mwavuli umefungwa mkononi. Kwa sababu mimi ni mtu wa alama, najua. Rangi ya kweli haitoki kwa mvua ya asubuhi moja. Inayotoka ni ile ambayo aliyeipaka anajua kwamba itatoka.

Jumatatu, 14 Aprili

Picha nimeificha chini ya shuka kabatini. Kaka ameniuliza mbona sikai chini.

Alhamisi, 17 Aprili

Mkutubi nimekutana naye sokoni, mwavuli wake umepinduka kama sahani. Akaniuliza habari za mzee kwanza, kadi hakuitaja. Akasema, "Baba yangu naye alikuwa vitani, hakutuambia neno mpaka anazikwa. Ndiyo maana nafanya haya." Kumbe ule ukavu wote ni huo. Nilimdhani ana kiburi, kumbe ana kiu. Nusura nimwambie. Nimesema tu, bado tunatafuta. Sasa hata hilo ni uongo.

Jumamosi, 19 Aprili

La kuvunda halina ubani. Leo baada ya alasiri nimeitoa picha, nikaiweka mezani mbele ya Kaka, pembeni ya ndege.

Aliitazama. Akaisogeza dirishani. Akaitazama tena, safari hii kwa kioo chake cha kukuzia.

"Umeitoa wapi?"

"Kwa fundi saa."

"Umekwenda kwake."

"Nimekwenda mara mbili. Kaka, hii ni dawa yako. Mkutubi akiiona, kadi atabadilisha. Ulichora, na picha inasema ulichora. Ila mimi nataka kujua ulichora kwa rangi gani."

Nilidhani atanifokea. Kaka yangu ana ulimi, nilipokuwa mdogo alikuwa akinichapa kwa maneno kuliko mama kwa fimbo. Alivuta kiti, akaketi, akaanza kusema kwa sauti ya mtu anayesoma barua.

Rangi ya mafuta ilitosha juu na mkiani tu. Meja alitaka madoido, alitaka picha za gazeti, akaagiza maduara ya juu yaongezwe ukubwa. Kufika chini, kopo limekauka. Stoo hakuna. Kulikuwa na ndoo ya rangi ya ukutani, ile ya unga unayoikoroga kwa maji na gundi, manjano, iliyobaki walipopaka bwalo la chakula.

"Nikaipaka hiyo. Ilipendeza, wallahi ilipendeza, ungedhani ni yai. Nikamwambia rubani, hii ni ya kuegesha tu, kesho mchana mafuta yanakuja, nitarudia, usiirushe kabla. Akacheka. Akasema mbingu safi, fundi, unaogopa nini? Alikuwa akiniita fundi, na mimi nina miaka ishirini na moja."

"Halafu?"

"Amri ikaja alfajiri. Nilikuwa bwaloni, nimeshika chai. Nikasikia injini zinawashwa, moja, halafu ya pili. Manyunyu yalikuwa yameshaanza kwenye bati. Kutoka mlangoni mpaka kwenye ndege ni hatua mia mbili, mdogo wangu, nimezitembea kichwani maisha yangu yote. Nikikimbia, sajini atauliza kwa nini nimepaka rangi ya ukuta kwenye ndege. Nikasema moyoni, mvua ndogo hii, itapita." Akaigeuza picha, uso chini. "Nikamaliza chai yangu."

Nje maji yalikuwa yakimwagika kwenye pipa. Nilitaka kumshika mkono nikaogopa.

"Walipoandika kwamba nimesahau, nilipiga kelele, nikakataa kutia sahihi. Lakini ndani nilishukuru. Aliyesahau anasamehewa. Aliyejua je?"

"Sasa kwa nini umpinge mkutubi? Si ungeiacha kadi?"

"Kwa sababu ni uongo," akasema, "na ni uongo unaonipendelea. Nimeuchoka."

Nilikwenda kutia udhu nikatia mara mbili, nilisahau kama nimeshatia.

Jumapili, 20 Aprili

Hatujasemeshana. Si kwa hasira. Kila mmoja anampisha mwenzake kwenye korido kama watu wenye ndoo za maji kichwani.

Ijumaa, 25 Aprili

Nilimwambia Kaka asubuhi, "Mpe mkutubi picha, sema rangi ilitolewa na mvua, uishie hapo. Yote ni kweli." Nakiri hapa, nilimshauri hivyo mimi, mwenye kufunga siku tatu.

"Na shuka lako ungelirudisha wodini hivyo?" akaniuliza, maana kisa cha wale wauguzi nilikuwa nimemsimulia.

Tumekwenda maktaba pamoja. Amesema yote, amesimama, kofia mkononi. Mkutubi aliandika, kisha akaacha kuandika. Mwishoni akasema taratibu, "Mzee wangu, picha inatosha. Hili jingine silazimiki kuliandika."

"Mimi ndiye ninayelazimika," Kaka akasema. "Andika hivi, alama ilichorwa kwa rangi ya maji, na mchoraji alijua."

Jumamosi, 3 Mei

Leo tumepaka chini ya mabawa. Mkono wake unatikisika, kwa hiyo pembetatu nimechora mimi, nyeupe, kwa brashi ya nywele tatu, pumzi nimeizuia kama ninatunga uzi kwenye sindano. "Duara ni langu," akasema. Akakoroga manjano na maji mengi, akalizungusha juu ya pembetatu, likapinda kidogo, hakulirekebisha. Kisha akachovya brashi safi kwenye maji matupu na kuanza kulivuta kurudi nyuma, mstari mmoja mmoja, mpaka pembetatu ikachomoza. Aliacha manjano kidogo tu pembezoni. Ilimchukua asubuhi nzima. Chai aliigusa ikiwa baridi.

Jumatano, 7 Mei

Jua. Mashuka yamekauka kwa saa mbili tu. Nimerudisha picha kwa fundi saa, nikamwambia siku na saa ya maonyesho, nikamwambia kadi imeandikwaje. Hakuahidi.

Jumamosi, 10 Mei

Watu hawakuwa wengi. Kasuku alikuja na kilemba kilichoziba madirisha mawili. Kaka alikuwa amemwomba mkutubi ndege isikae mezani, itundikwe darini kwa nyuzi, juu kidogo ya kichwa, waione kama walivyoiona walio chini. Kadi iko ukutani, kwa maneno yaleyale aliyoyataka Kaka. Wanaosoma wanainua uso, halafu wanatafuta kwa macho mchoraji ni nani. Kaka aliketi kwenye benchi chini yake, shati jeupe, haangalii mtu. Nilikaa karibu naye nikiwa nahesabu vigae vya sakafu.

Fundi saa alifika watu walipokuwa wakiaga. Alisoma kadi kwanza, akaisoma tena. Kisha akaja akasimama chini ya ndege na kuinua kichwa. Alisimama hivyo muda mrefu mpaka nikaiogopea shingo yake.

"Nani kachora?" akauliza, bado anatazama juu.

"Mimi," Kaka akasema. "Na mdogo wangu."

"Ndiyo hiyohiyo."

Nilidhani amemaliza. Mkutubi naye alidhani hivyo, alikuwa ameshafika na kiti. Lakini mzee alinyoosha kidole kuelekea bawa la kushoto, pale pembezoni Kaka alipoacha ule ukingo mwembamba wa rangi.

"Hii manjano," akasema, "ilikuwapo. Niliiona. Nikasema ni jua, nikafyatua. Hawakuniuliza, na mimi sikusema."

Mkutubi alibaki ameshika kiti. Mimi nilimtazama Kaka, maana neno hilo lingeweza kumwinua au kumvunja, na sikujua lipi. Alikuwa ametazama viatu vyake. Halafu akanigusa goti nisogee, na yeye akasogea, nafasi ya mtu mmoja ikapatikana katikati yetu.

"Keti, fundi," akamwambia.